Fundi wa Dirisha la Nondo

Ukiingia kwa Fundi na kompyuta kwapani, jambo la kwanza uliloambiwa ni kushika nondo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la mshona nguo, chini kidogo ya barabara ya kwenda sokoni Lushoto, na kilikuwa na dirisha moja lenye nondo nne zilizobanduka rangi. "Shika nondo," angesema bila kuinua macho, na ungeshika, uwe nani. Sababu alikuwa nayo. Mtu wa milimani anavaa sweta la sufu tangu asubuhi mpaka jioni, na sweta likisuguana na koti mwili unabeba umeme kidogo ambao mwenyewe hausikii. Ukigusa nao kifaa cha ndani ya kompyuta, unakiua kimyakimya. Ukishika chuma kwanza, umeme unakwenda zake.

Wengi hawakungoja maelezo. Habari zilipanda mlimani kwamba kuna mzee mjini mwenye dirisha, na zilivyozidi kupanda ndivyo dirisha lilivyozidi kuwa dawa. Bibi mmoja alishuka kutoka Magamba siku ya soko, hana kompyuta wala simu, akashika nondo mbili kwa mikono miwili, akafumba macho kidogo, akashukuru, akaondoka. Kichwa kilikuwa kinamsumbua wiki nzima. Fundi hakumfukuza wala hakumcheka. Alisema nondo haziishi kwa kushikwa.

Jina lake lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, nami nililisoma mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye benchi nangoja zamu yangu. Sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Nilianza kwenda kwake nikiwa kidato cha pili, mama aliponituma kuchapisha barua za kikundi chake cha wakulima wa mboga, na tangu siku hiyo kwangu alikuwa Fundi basi, kama alivyokuwa kwa mji mzima.

Jambo la pili lilikuwa salamu. Hapa kwetu hakuna asiyejua kumwamkia mkubwa, lakini Fundi alilishika jambo hilo kwa ukali wa peke yake. Siku moja aliingia kijana wa ofisini, tai imemkaa sawasawa, akaweka laptop mezani na kusema, mzee, hii mashine inaganda sana, itazame chapchap. Fundi aliendelea kukaza skrubu yake kana kwamba ni upepo tu ulioingia. Kijana akarudia. Fundi akabadilisha bisibisi. Mwisho mama mmoja aliyekuwa nami kwenye benchi alimwonea huruma, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hujaamkia." Kijana akatoa shikamoo yake huku masikio yamemwiva. Fundi akaweka bisibisi chini, akamgeukia na uso mkunjufu, kama mtu aliyemwona sasa hivi mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Haya, mgonjwa ana nini?"

Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Shikamoo ikishatoka, mambo yalianza upya. Sikumwona akimhudumia mtu kabla ya salamu, na nilikaa kwenye benchi lile miaka mingi.

Mdomo wake ulikuwa mkali, na mkono wake ulikuwa mpole kupita kiasi. RAM, vile vipande vya kumbukumbu vinavyoingia ndani ya kompyuta, alizihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai alilokuja nalo kutoka upande wa Kwamkoro, ambako aliwahi kutengeneza mitambo ya kiwanda cha chai. Kila kipande alikifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama peremende. Yeye mwenyewe hakuvuta. Aliwasema wavutaji bila kuchoka, akawahesabia mapafu yao, kisha mwisho wa mahubiri akanyoosha kiganja kuomba karatasi. Muuza nyama wa jirani alimwambia kwamba siku yeye muuza nyama akiacha kuvuta, kazi ya Fundi itakufa, na Fundi akanyoosha kiganja vilevile. Simu yake ilikuwa kitochi kilichofungwa mpira wa kubania pesa. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu kuliko nyingi alizotengeneza, na kifuniko chake kilishikiliwa na tai ya zamani ya mtu asiyejulikana.

Kazi ya kuongeza RAM, ambayo mafundi wengine waliipenda kwa kuwa ni ya dakika chache, yeye aliifanya iwe ngumu. Alikuwa na maswali yake. Unaifanyia nini? Sasa ina GB ngapi? Yenyewe inaweza kubeba ngapi? Usipoyajibu alifungua mashine na kuyajibu mwenyewe, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba huhitaji kitu. Mchungaji mmoja wa Kilutheri alikuja na kompyuta yake akitaka awekewe GB kumi na sita, kwa sababu mtoto wake wa mjini alimwambia sasa ndiyo kipimo. Fundi akamuuliza anaitumia kwa kazi gani. Akasema anaandika mahubiri. Fundi, ambaye swala zake tano hakuzikosa, alimwambia kwa heshima zote kwamba mahubiri yake ni marefu kweli, hata msikitini yanasikika, lakini kwenye kompyuta hayana uzito. Akamfungia programu kumi zilizokuwa zinajiwasha zenyewe kila asubuhi, akamrudishia mashine yake ikiwa nyepesi. Mchungaji ndiye aliyeisambaza hadithi hiyo, tena akiwa madhabahuni.

Nami nilikuwa namcheka Fundi pamoja na wenzangu mpaka zamu yangu ilipofika.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, nasomea usanifu majengo. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa michoro ya soko la mboga na matunda la Vuga: paa refu la mteremko, meza za kupangia matunda, mifereji ya kuoshea karoti. Miezi mitano ya maisha yangu ilikuwa ndani ya laptop moja, na nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya zamani, haina hata paa. Ijumaa nilitakiwa kusimama mbele ya walimu niitetee. Nikikosa siku ile narudia mwaka mzima, na mama, aliyekuwa amevunjika mguu msimu ule, alikuwa akiniuliza kila nikipiga simu ni lini namaliza.

Nilikuja nyumbani Magamba kumuuguza, nikakwenda Vuga siku tatu kupima mteremko wa kiwanja kwa mara ya mwisho, na kompyuta nikaiacha kwa mama. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, nguo hazikauki. Mama akaogopa. Akafikiri ni wapi katika nyumba yake unyevu haujawahi kufika, akapata jibu ambalo kila mama wa milima hii angelipata: darini jikoni, juu ya meko, pale anapotunza mbegu za mahindi. Alimwomba jirani apande kwenye ngazi, kwa kuwa mguu wake haukumruhusu. Akaifunga kompyuta kwa khanga safi, ikakaa siku tatu na usiku wake juu ya moshi.

Niliporudi haikuwaka. Ilitoa milio mitatu, kioo kikabaki cheusi. Nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika hapa, nikashuka mjini.

Ilikuwa Jumatatu. Nilishika nondo, nikaamkia, nikaweka mashine mezani. Fundi akafungua kifuniko cha chini, na kabla ya kutazama akanusa.

"Hii ilikuwa darini," akasema.

Nikamwambia ni mama, aliogopa ukungu. Nikangoja amseme, na nafikiri nilitaka amseme, ili tuwe wawili. Fundi akapuliza vumbi taratibu.

"Mama yako ameitunza kama mbegu," akasema. "Usimkaripie."

Nilikuwa nimeshamkaripia.

Kisha akabana vishikio viwili kwa vidole gumba, na vipande viwili vya RAM vikainuka. Alipoanza kukitoa cha kwanza nilimdaka mkono. Nilijua kuchora paa la mita arobaini, lakini sikujua kilichomo ndani ya kompyuta yangu, na niliamini kwamba pale ndipo michoro yangu ilipolala. Hakukasirika kwa kushikwa. Aliniuliza kwetu tunapepetea mahindi kwenye nini. Nikasema kwenye ungo.

"Basi hii ni ungo. Michoro yako iko darini, kwenye diski. Ukitaka kufanya kazi, kompyuta inateremsha mahindi, inamwaga kwenye ungo, inapepeta, inarudisha juu. Ukizima, ungo unabaki mtupu. Sasa mimi nikiuchukua ungo, mahindi yako nimeyagusa wapi?"

Nilimwachia mkono, nikakaa kwenye benchi nikalia. Yalikuwa machozi ya nafuu, yale yanayotoka bila sauti. Fundi alinipa muda kwa kujifanya anatafuta ufutio. Ulikuwa ufutio wa shule, ule mweupe wa watoto, na aliutumia kusugua meno ya rangi ya dhahabu yaliyo ukingoni mwa RAM, yale yanayoingia kwenye nafasi yake. Masizi yakatoka meusi, kama sufuria ya meko inavyosuguliwa.

Alirudisha kipande cha kwanza, kompyuta ikawaka. Akarudisha cha pili, milio mitatu. Akavibadilisha nafasi, ikawa vilevile. Kimoja, tena kile kikubwa, kilikuwa kimekufa. Kilichobaki kilikuwa cha GB mbili, na nilipofungua mchoro wangu paa lilijichora nusu, likagoma hapo. Tulingoja, tukalitazama lile nusu paa mpaka mashine ikajizima yenyewe kwa kuzidiwa. Fundi akasema ungo ni mdogo, mahindi ni mengi, nami ninahitaji kipande cha GB nne.

Kopo la chai likamwagwa mezani. Hapo ndipo nilipojifunza ambacho mpaka leo wauzaji wengi hawapendi mnunuzi akijue. Kila RAM ina kizazi chake, na kwenye mstari wa meno yake kuna pengo dogo, na pengo la kizazi hiki halikai mahali pamoja na la kizazi kile. Ukilazimisha unavunja. Hata pengo likikubali, kuna umeme wake: mashine yangu ilikuwa ya zile zinazotaka RAM ya umeme mdogo, volti moja nukta tatu tano, na ile ya moja nukta tano ingeingia vizuri kabisa lakini isingewaka. Alinifanya nisome kwa sauti karatasi iliyobandikwa kwenye kila kipande. Hiki kizazi cha zamani. Hiki kipya mno. Hiki kizazi sawa, volti siyo. Kopo likaisha.

"Ukubwa ndio kila mtu anaoutazama," akasema. "Wewe tazama kizazi, tazama pengo, tazama volti. Ukubwa uwe wa mwisho."

Alipiga simu Tanga. Wangeweza kuipata wiki ijayo. Akaweka kitochi chini, akaenda dirishani, na kwa mara ya kwanza nikamwona yeye mwenyewe akishika nondo kama mteja. Akaifungua ile tai ya kompyuta yake, akaigeuza, akaifungua chini, akatoa kipande kimoja. Akaniletea nisome. GB nne, kizazi sawa, volti moja nukta tatu tano.

Nilimuuliza yake itabaki na ngapi.

"Ilikuwa na sita, sasa ina mbili," akasema. "Mimi sichori masoko. Ukimaliza utanirudishia."

Alikiweka, tukawasha, na paa langu likajichora kutoka mwanzo mpaka mwisho, nguzo zikasimama, mifereji ikafuata mpaka kwenye karai la mwisho la karoti. Sijui kama kuna jengo lolote nililosimamia baadaye ambalo limenifurahisha hivyo. Nilipanda Magamba, nikapiga magoti mbele ya mama nikamwomba radhi, naye akauliza tu kama imepona. Jumatano nikapanda basi, na Ijumaa nikapita.

Ingekuwa picha nzuri ya mtu mwema kama ningeishia hapo. Lakini nilipata kazi Dodoma haraka kuliko nilivyotarajia, nikapewa kompyuta ya ofisi, na ile laptop nikaiuza kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili siku nahama chumba. Niliiuza nzima, kama ilivyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye basi la kuja nyumbani, na tulipopita Mombo, pale barabara inapoacha tambarare na kuanza kupanda, nikakumbuka RAM ya Fundi iliyokuwa ndani yake. Mwanafunzi yule nilimpigia, akasema naye ameshaiuza.

Mtu mzima angekwenda moja kwa moja kwa Fundi akasema. Mimi nilipita nyuma ya bucha la jirani yake, asinione. Niliona aibu, nikajiambia nitakwenda safari ijayo nikiwa na kipande kingine, na safari ijayo ikaja na haraka zake. Mwaka wa pili aibu ilikuwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Miaka sita nilikuja Lushoto mara mbili kwa mwaka, na kila mara niliijua njia ya nyuma ya bucha kuliko barabara. Nilipotaka kuchapisha kitu nilimtuma jirani.

Kilichonitesa zaidi ni mama, ambaye hakujua lolote, na alipenda kunichekesha kwa habari za Fundi. Kwamba kompyuta yake siku hizi ni nzito, akiiwasha anakwenda kuswali adhuhuri na akirudi bado inafunguka. Kwamba wateja wanamtania, fundi gani huyu asiyejiponya. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka naye huku nimeinamia chai. Mimi ndiye niliyejua ni nani aliyeondoka na ungo wake.

Mwezi wa saba uliopita nikachoka na nafsi yangu. Nilikuwa Dar kwa kazi, nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alinipa kipande kikubwa kuliko nilichotaka, akisema ukubwa ndio mpango. Nikatazama pengo, nikamrudishia. Wa pili pengo lilikuwa sawa, volti siyo. Akaniapia kwamba zote ni moja. Wa tatu alinitazama ninavyosoma ile karatasi kwa sauti, akaniuliza kama mimi ni fundi. Nilijisikia vizuri, halafu nikajisikia vibaya. Kwake nikakipata, nikakifunga kwa karatasi ya fedha.

Nikapanda Lushoto, na asubuhi nilipoingia kwa Fundi, chumba kilikuwa kilekile. Mama mmoja alikuwa kwenye benchi na tenga la miche ya kabichi. Fundi amezeeka, miwani imefungwa kamba, na ameinama kama alivyokuwa ameinama siku zote. Mkono wangu wenyewe ulishika nondo. Kisha maneno niliyoyaandaa tangu Mombo yakatoka yote kwa pamoja: RAM yako, nimeiuza bila kukumbuka, nikaona haya, nimenunua nyingine, tafadhali ipokee, nisamehe. Nilikuwa nimenyoosha kile kipande mbele yangu.

Fundi aliweka bisibisi chini. Kisha akakipokea, akafungua karatasi, akakiweka chini ya lenzi.

"Kizazi sawa," akasema. "Pengo sawa. Volti sawa. Umechagua vizuri."

Akakifunga tena, akakitia kwenye kopo la chai. Kompyuta yake ilikuwa pale pale na tai yake, wala hakuitazama. Nikamuuliza kama hataiwekea. Akasema aliiwekea nyingine kabla mwezi ule aliponiazima haujaisha, ilitoka kwenye mashine ya mwalimu iliyovunjika kioo. Nikauliza, na ule uzito wanaousema watu? Akasema huo ni uzee, na hakuna RAM yake.

Nilihisi miaka sita ikinishuka mabegani, nikaegemea ukuta. Nilikuwa karibu kucheka. Fundi akavua miwani, na nikaona kwamba bado ana neno.

"Nilikuwa nakuona ukipita nyuma ya bucha," akasema. "Mara ya kwanza nikasema binti ana haraka. Baadaye nikaona una haraka kila mwaka. RAM nilishaiacha iende na wewe, mwanangu. Lakini ulichukua na shikamoo yangu."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimeingia, nimeshika nondo, nimesema maneno yote yale, na sijamwamkia. Naye amenipokea hivyo hivyo, amenisomea RAM yangu, mbele ya mteja. Mama wa miche ya kabichi alikuwa ameinamisha uso kwa kunisitiri. Niliinama mpaka magoti yakakaribia sakafu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akavaa miwani, akachukua bisibisi yake, na sauti ikawa ile ya siku zote. "Hiyo ni ya leo. Za nyuma utazileta taratibu. Ila uwe unapita mbele."